Kuanzisha na Kuendesha Kikundi cha Utafiti wa Masimulizi katika Elimu ya Lugha: Mwongozo Kamili

Vikundi vya watafiti wa elimu ya lugha huzaliwa kwa urahisi na kufa kimyakimya. Watu kadhaa wenye ari wanakubaliana kukutana kila mwezi, mmoja anachagua makala, wengine wanaahidi kuisoma. Kikao cha kwanza kinafana. Cha tatu, nusu ya wajumbe wanapitia kurasa mbili za mwanzo dakika tano kabla ya kuanza. Mwisho kinabaki kikundi cha WhatsApp cha kupongezana na kutumiana matangazo ya makongamano.

Huwa tunalaumu uvivu, lakini mimi naona chanzo kipo kwingine. Makala iliyokwisha kuchapishwa haikuhitaji. Uisome, usiisome, itabaki vilevile. Kinachomrudisha mtu kikaoni ni kazi mbichi ya mwenzake: simulizi la mwalimu au mwanafunzi lililonukuliwa wiki hii, ambalo aliyelileta bado hajui alifanyie nini na anawahitaji nyinyi ili alione vizuri. Kikundi kinachosoma masimulizi mabichi kwa pamoja, polepole na kwa utaratibu, hudumu. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kukijenga, na zinamfaa mwalimu wa lugha aliye darasani, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, na mhadhiri aliyechoka kutafiti peke yake.

Hatua ya 1: Jueni mnatafiti nini

Utafiti wa masimulizi unakichukulia kisa ambacho mtu anakisimulia kuhusu maisha yake kuwa ndimo maarifa yalimo. Katika uwanja wa elimu, njia hii ilipata jina na nguvu kupitia makala ya F. Michael Connelly na D. Jean Clandinin ya mwaka 1990, watafiti waliofanya kazi yao Kanada. Nyuma yao yupo mwanafalsafa wa elimu John Dewey, ambaye mwaka 1938 alieleza kwamba kila tajiriba hubeba kitu kutoka katika zile zilizotangulia na huacha alama katika zitakazofuata. Yupo pia mwanasaikolojia Jerome Bruner, ambaye mwaka 1986 alitenganisha kufikiri kwa hoja na kufikiri kwa kisa, akasema hakuna kimoja kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake. Kutokana na Dewey, Clandinin na Connelly walipendekeza tuangalie kila kisa kwa pande tatu: wakati, mahusiano na mahali. Zishikeni pande hizo. Mtazitumia kila kikao.

Katika elimu ya lugha njia hii imeingia kwa milango mingi. Bonny Norton alitumia shajara na mahojiano ya wanawake watano wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza nchini Kanada, na makala yake ya 1995 ikabadilisha namna tunavyozungumzia motisha. Alionyesha kwamba mtu anaweza kuitaka lugha kwa moyo wote na bado akanyamaza, kwa sababu wanaoimiliki hawampi nafasi ya kusema. Mwaka 2002 Karen Johnson na Paula Golombek walihariri kitabu ambamo walimu wa lugha wenyewe wanatafiti masimulizi yao. Gary Barkhuizen, Phil Benson na Alice Chik wakatoa mwaka 2014 kitabu cha mbinu kinachohusu ufundishaji na ujifunzaji wa lugha moja kwa moja. Mkihitaji kitabu kimoja tu cha kuanzia, anzeni na hicho.

Lipo swali moja la kumaliza mapema, maana likiachwa huzua ubishi usiokwisha. Donald Polkinghorne alilieleza mwaka 1995. Je, mnakusanya masimulizi mengi na kutafuta mada zinazojirudia ndani yake? Au mnakusanya vipande vya kila aina, yaani mahojiano, shajara na madokezo ya darasani, kisha nyinyi wenyewe mnatunga simulizi linaloviunganisha? Njia zote mbili ni halali, ila kazi zake hazifanani. Ya kwanza inazaa makundi ya mada, ya pili inazaa kisa. Kila mjumbe aseme yake ni ipi, hata kama hawatafanana.

Hatua ya 2: Tafuta watu wachache

Watano hadi wanane wanatosha. Wakipungua watano, wawili wakisafiri kikao kinavunjika. Wakizidi wanane, wapo watakaomaliza kikao kizima bila kutia neno.

Changanya. Mwalimu wa darasani anasikia katika simulizi mambo ambayo mhadhiri hayasikii, na mwanafunzi wa uzamivu amesoma nadharia ambazo wote wawili wameziacha nyuma. Jean Lave na Etienne Wenger, katika kitabu chao cha 1991, walieleza namna mgeni anavyojifunza kazi kwa kukaa pembezoni mwake kwanza akiwa na haki kamili ya kuwepo, kisha akasogea katikati kidogo kidogo. Kwa hiyo mjumbe mpya asilazimishwe kuleta data mwezi wa kwanza. Apewe kazi ndogo lakini ya kweli: kutunza muda, kusoma simulizi kwa sauti, kuandika madokezo ya kikao.

La kuangalia zaidi ni madaraka. Msimamizi wa tasnifu akikaa meza moja na mwanafunzi wake, mwanafunzi atasema anachodhani msimamizi anataka kusikia. Baadhi ya vikundi huwatenganisha. Vingine huweka sharti kwamba wasimamizi wazungumze mwisho. Mimi naipenda njia ya pili, maana kuwafungia nje wazoefu ni hasara, ila sharti hilo liandikwe na lifuatwe hata siku profesa anapokuwa na haraka.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano kabla ya kusoma data yoyote

Ukurasa mmoja unatosha. Uwe na haya:

- Kinachosomwa kikaoni hakitoki nje, kwa mdomo wala kwa picha ya skrini.
- Wazo la mwenzako ukilitumia katika andiko lako, unamtaja.
- Hakuna anayeitumia data ya mwingine bila ruhusa ya aliyeikusanya, wala nje ya mipaka ya ridhaa ya msimulizi.
- Mnakutana mara ngapi, kwa muda gani, na mtu akikosa vikao vitatu mfululizo inakuwaje.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Fomu ya ridhaa aliyotia saini msimulizi inasema nini kuhusu nani ataona maneno yake? Fomu nyingi husema data itaonwa na mtafiti na msimamizi wake tu. Fomu ikisema hivyo, kuleta simulizi kikaoni ni kuvunja ahadi, hata ukibadilisha majina. Dawa yake ni kuongeza sentensi moja kabla ya kuomba kibali cha maadili ya utafiti: kwamba sehemu za simulizi, zikiwa zimeondolewa utambulisho, zitasomwa na kikundi kidogo cha watafiti waliokubali kutunza siri. Msimulizi apewe nafasi ya kukataa kipengele hicho pekee na bado ashiriki katika utafiti. Kwa aliyekwisha kusanya data kwa fomu ya zamani, njia ni kurudi kwa msimulizi na kwa kamati iliyotoa kibali. Hakuna njia ya mkato.

Mkikutana kwa mtandao, onyesheni matini kwenye skrini badala ya kutuma faili. Mkikutana ana kwa ana, nakala zihesabiwe na kukusanywa mwisho wa kikao.

Hatua ya 4: Anzeni na masimulizi yenu

Kabla ya kusoma maisha ya mwingine, kila mjumbe aandike safari yake ya lugha, kurasa mbili zisizozidi. Lugha gani ilisemwa nyumbani, ipi ilikatazwa shuleni, nani alikucheka ulipoisema, lini ulijiona unaimiliki. Isomwe kikaoni na mwenyewe. Wengine wasikilize tu, na mwishoni waulize maswali ya kufafanuliwa.

Kazi hii ina faida mbili, na ya kwanza ni ya kitaaluma. Clandinin husisitiza kwamba mtafiti wa masimulizi aanze na mwanzo wake mwenyewe, kisha aweze kueleza sababu za utafiti wake kwa namna tatu: kwa nini unamhusu yeye, utabadili nini katika utendaji, na unaongeza nini katika nadharia na jamii. Mtu aliyefundishwa lugha kwa kiboko atasoma kisa cha mwalimu mkali tofauti na aliyefundishwa kwa nyimbo, na wenzake wakijua hilo wataweza kumuuliza, "Hapa unamsoma mwalimu huyu, au unamsoma wako?"

Faida ya pili ni kwamba kila mmoja anaonja hali ya msimulizi. Aliyewahi kutetemeka akisoma kisa chake mbele ya watu saba hataomba kisa cha mtu mwingine kijuujuu.

Hatua ya 5: Kusanyeni visa, msikusanye maoni

Mahojiano mengi yanayoitwa ya masimulizi hayana simulizi hata moja ndani yake. Kosa liko kwenye swali. Ukimuuliza mwalimu, "Unaonaje kuhusu kusahihisha makosa ya matamshi?" atakupa maoni, tena yale yanayokubalika chuoni. Mwambie, "Nikumbushe siku moja ambayo kumsahihisha mwanafunzi kulikuletea shida. Ilikuwaje?" Halafu nyamaza. Akisema "kwa kawaida huwa natumia mbinu shirikishi," ameshatoka kwenye kisa; mrudishe kwa upole: "Na siku ile?" Maneno "siku ile," "ikawaje," na "halafu" yatakupa visa kuliko hojaji yoyote.

Njia nyingine ni shajara, barua za walimu kwa walimu, na fremu za masimulizi. Fremu ni matini yenye nafasi za kujaza ambazo zikijazwa zinatoa kisa kifupi. Barkhuizen na Rosemary Wette waliieleza mwaka 2008 baada ya kuitumia na walimu wa Kiingereza wa vyuo vikuu nchini China. Mfano wa fremu mnayoweza kuibadili:

"Nilipoanza kufundisha lugha hii, niliamini kwamba ______. Siku moja darasani ______. Jambo hilo lilinishangaza kwa sababu ______. Nilijaribu ______, lakini ______. Tangu hapo mimi ______."

Fremu inamsaidia asiyezoea kuandika, na inakupa masimulizi mengi kwa muda mfupi. Ubaya wake ni kwamba inawavalisha watu wote kisa chenye umbo moja: tatizo, jaribio, badiliko. Asiyebadilika atajilazimisha kubadilika ili ajaze nafasi ya mwisho. Itumieni kufungua mlango, kisha waulizeni wachache kwa kirefu.

Amueni pia mahojiano yafanyike kwa lugha gani. Katika uwanja wetu suala hili ni nyeti kuliko linavyoonekana. Mtu akisimulia aibu ya darasani kwa lugha ileile iliyomtia aibu, kisa kitakuwa kingine kuliko akisimulia kwa lugha ya kwao. Mpe achague, mruhusu achanganye, na mchanganyiko huo uubakishe kwenye unukuzi, yaani unapoyaandika maneno yaliyorekodiwa. Ukitafsiri kwa ajili ya kuchapisha, sema nani alitafsiri na weka maneno ya asili pale yanapobeba uzito.

Hatua ya 6: Unukuzi

Saa moja ya sauti huchukua saa 4 hadi 6 kunukuliwa, na zaidi ya hapo ikiwa wazungumzaji wanaingiliana. Programu zinazonukuu zenyewe hupunguza kazi kwa lugha zenye data nyingi, ila nyingi hutuma sauti kwenye seva ya kampuni nyingine. Fomu yako ya ridhaa isiporuhusu hilo, usifanye. Andika vicheko, vituo virefu na kurudia maneno. Toa namba kwa kila mstari. Ondoa majina ya watu, shule na miji, na vilevile vitu vidogo vinavyofichua: "mwalimu pekee wa Kifaransa wa wilaya" anajulikana hata bila jina.

Hatua ya 7: Kikao cha kusoma

Hapa ndipo kikundi kinapoishi au kufa. Clandinin na Connelly huyaita makundi ya namna hii jumuiya za mwitikio: watu ambao mtafiti huwapelekea kazi isiyokamilika ili wamjibu. Utaratibu ninaoupendekeza unachukua dakika 90 na unahitaji ukurasa mmoja tu wa simulizi. Mkileta kurasa kumi mtaishia kuzungumzia jumlajumla.

Aliyeleta data anazungumza dakika 5: nani alisimulia, kwa nani, lini, katika mazingira gani, na swali lake ni lipi. Tafsiri yake, yaani namna anavyokielewa kisa, aimeze. Simulizi linasomwa kwa sauti mara mbili na wasomaji wawili tofauti, kisha dakika 10 za kimya, kila mtu na kalamu yake. Kimya hiki huwatesa wageni, msikifupishe.

Mzunguko wa kwanza ni wa kutaja kinachoonekana tu. "Mstari wa 3 anarudia maneno mawili." "Hamtaji mwanafunzi kwa jina." Hakuna "nadhani anamaanisha." Mzunguko wa pili ndipo tafsiri zinaruhusiwa, na kila tafsiri ionyeshe mstari inaposimama. Muda huu wote mleta data anaandika bila kujibu. Dakika 15 za mwisho ni zake: aseme kilichomgusa, anachokikataa, na atakachofanya wiki ijayo.

Tuone inavyokwenda. Hili ni simulizi la kubuni, la mwalimu wa lugha ya pili:

1. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasahihisha kila kosa.
2. Kila kosa.
3. Siku moja mwanafunzi mmoja, yule wa nyuma,
4. akaniambia, "Mwalimu, basi mimi sisemi tena."
5. Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka.
6. Lakini kweli hakusema tena, mpaka muhula ukaisha.
7. Siku hizi mtu akikosea nanyamaza, namwacha amalize.
8. Sijui kama ndiyo sawa, lakini ndivyo ninavyofanya.

Kikundi kisicho na utaratibu kitaliweka kisa hiki chini ya mada "mtazamo kuhusu usahihishaji wa makosa," kiandike kwamba mwalimu amehama kutoka usahihishaji wa papo kwa papo, na kuendelea na kingine. Aneta Pavlenko aliulalamikia usomaji wa namna hii katika makala yake ya 2007: mada zinaorodheshwa, na yote yaliyofanya kisa kiwe kisa yanatupwa. Alituhimiza tutenganishe mambo matatu: tukio lilivyotokea maishani, mhusika anavyoliishi moyoni, na namna matini yenyewe ilivyojengwa.

Someni upya. Mwanaisimu William Labov, katika kazi aliyoianza na Joshua Waletzky mwaka 1967, alionyesha kwamba kisa cha mdomo kina mandhari, tukio linalovuruga mambo, matokeo, na sehemu inayomrudisha msikilizaji kwenye wakati wa sasa. Juu ya vyote ipo tathmini, mahali msimulizi anapotuambia kwa nini kisa hiki kinastahili kusimuliwa. Tathmini iko wapi hapa? Mstari wa 2, "Kila kosa," hauongezi taarifa yoyote, unaongeza uzito. Na mstari wa 5: "Mimi pia nilicheka." Ukiuondoa, matukio yote yanabaki yalivyo, lakini kisa kinakufa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jeraha la simulizi zima, wala halihusu usahihishaji. Linahusu kucheka pamoja na darasa dhidi ya mtoto mmoja.

Sasa zile pande tatu. Wakati: "mwaka wa kwanza," "muhula," "siku hizi." Miaka kadhaa imerukwa kati ya mstari wa 6 na wa 7, na hapo pana swali la mahojiano ya pili. Mahali: "yule wa nyuma." Je, alikaa nyuma kwa hiari? Mahusiano: mwanafunzi ana sentensi moja tu katika kisa kizima, na sentensi hiyo ni ya kuaga mazungumzo. Wapo wanaoitwa watafiti wa visa vidogo, yaani visa vifupi vya mazungumzo ya kila siku, Michael Bamberg na Alexandra Georgakopoulou, ambao mwaka 2008 walituelekeza tuulize pia: kwa nini anakisimulia hivi, kwa mtu huyu, sasa? Mstari wa 8 unajibu kidogo. Huenda mwalimu anazungumza na mtafiti aliyetoka chuoni, naye anajikinga kabla hajahukumiwa.

Hapo mjumbe mmoja anaweza kusema kimya cha mstari wa 7 ni heshima kwa mwanafunzi, mwingine aseme ni woga wa mwalimu. Msipige kura. Andikeni zote mbili na mistari yake, mleta data aende nazo kwa msimulizi.

Kosa la mara kwa mara katika kikao ni la mjumbe kudakia: "Hata mimi iliwahi kunitokea..." na kikao kikageuka mazungumzo yake. Mwendesha kikao amruhusu sentensi moja, kisha aulize, "Hilo linakuonyesha nini kwenye mstari gani?" Kosa jingine ni la kuwa washauri: mwalimu alipaswa kufanya hivi, angesahihisha vile. Msimulizi hajaomba semina.

Hatua ya 8: Rudini kwa msimulizi

Clandinin na Connelly hutofautisha matini za uwandani (data yenyewe), matini za mpito na matini ya mwisho ya utafiti. Ya mpito ndiyo mnayompelekea msimulizi: kurasa chache, kwa lugha ya kawaida, zikisema "hivi ndivyo tulivyokisoma kisa chako." Zungumza naye ana kwa ana ikiwezekana, kwa sababu kumtumia tu na kusubiri jibu mara nyingi huleta "sawa, asante."

Akikataa tafsiri, mna njia tatu: kuibadili, kuiacha huku mkiandika wazi kwamba yeye haikubali na kwa nini, au kuiondoa. Akiomba tukio liondolewe kwa sababu litamuumiza au litamtambulisha, liondoeni hata kama ndilo tamu kuliko yote. Hapo hakuna la kujadili.

Hatua ya 9: Kuandika na kuchapisha

Pangeni vikao vya rasimu baada ya kila vikao vitatu au vinne vya data. Mwandishi alete kurasa zisizozidi tano na aseme anataka jibu la aina gani: mtiririko, hoja, au usahihi wa nadharia. Msimpe sarufi aliyeomba hoja.

Nani awe mwandishi? Kushiriki kikao kimoja hakumpi mtu uandishi. Kunampa shukrani kwa jina. Aliyetoa tafsiri ambayo makala nzima imesimama juu yake ana dai kubwa zaidi. Mfumo wa CRediT, unaotaja nani alifanya nini katika makala, wenye majukumu 14 kuanzia wazo la awali hadi uhariri, unasaidia kuzungumzia jambo hili bila kununiana. Ujazeni mwanzoni, kisha mrejee kabla ya kutuma. Na msimulizi je, naye ni mwandishi? Ikiwa ni mwalimu aliyeshiriki kuchambua kisa chake, muulizeni. Wapo wanaopenda jina lao litokee. Wapo ambao jina likitokea, siri ya wanafunzi wao inavuja.

Katika makala, wekeni kisa chenyewe, angalau kimoja, kirefu kiasi cha msomaji kuweza kuwapinga. Wahakiki wasioizoea njia hii watauliza kuhusu ukubwa wa sampuli. Wajibuni kwa kueleza namna mlivyosoma, mara ngapi, tafsiri zipi mliziacha na kwa sababu gani. Madokezo ya vikao ndiyo ushahidi wenu, kwa hiyo yatunzeni kwa tarehe. Jarida la *Narrative Inquiry*, ambalo lilianza mwaka 1991 kwa jina jingine na kulipata hili mwaka 1998, ni la masimulizi kwa ujumla. Majarida ya isimu tumizi na ya elimu ya walimu nayo huchapisha kazi hizi. Yaepukeni yanayoahidi uhakiki wa siku tatu na kudai ada kabla ya kusoma.

Hatua ya 10: Jifungamanisheni na wengine

Kwa ufupi: AILA ya wanaisimu tumizi ipo tangu 1964, vyama vya walimu wa Kiingereza TESOL tangu 1966 na IATEFL tangu 1967, na ndani ya IATEFL kuna kundi maalumu la utafiti. Chama cha watafiti wa elimu cha Marekani, AERA, nacho kina kundi la utafiti wa masimulizi. Kongamano moja kwa mwaka linatosha. Badala ya kila mmoja kwenda na mada yake, ombeni nafasi ya kikundi na muendeshe kikao cha kusoma mbele ya hadhira, kwa simulizi ambalo mwenyewe ameridhia. Watu hujifunza zaidi kwa kuona kazi ikifanywa.

Hatua ya 11: Kulinda kikundi, na kukivunja

Zungusheni uendeshaji. Kikundi chenye mwendesha kikao mmoja wa kudumu ni mali yake, akiugua kinaugua. Wekeni mapumziko rasmi wakati wa mitihani, ili watu wasijihisi watoro. Simulizi likigusa dhuluma au msiba, mwendesha kikao aseme mapema kabla halijasomwa, na mjumbe aruhusiwe kutoka bila kuulizwa.

Mara moja kwa mwaka ulizeni: nani ameleta data, nani hajaleta, na kwa nini? Jibu likiwa kwamba watu wawili wanaleta na wengine wanahudhuria tu, ama badilisheni ratiba ama punguzeni wajumbe.

Siku kazi ikiisha, kivunjeni kwa mpango. Amueni rekodi zinatunzwa na nani na kwa muda gani, kulingana na kibali mlichopewa. Orodha inayounganisha majina ya kweli na ya bandia itunzwe mbali na data, na iwe ya kwanza kufutwa muda ukifika. Nakala zilizobaki kwenye simu, barua pepe na kompyuta za wajumbe zifutwe zote, na kila mmoja athibitishe kwa maandishi. Waandikieni wasimulizi mkiwaeleza utafiti umeishia wapi na makala inapatikana wapi. Msimulizi anayetaka nakala ya sauti yake apewe kabla haijafutwa.